Mtoto wa Zamu

Nina daftari la kurasa 96, lile la gamba la bluu lenye jedwali la kuzidisha mgongoni. Ndani yake mna saa tu. Ijumaa, saa 11:25 jioni, wamechelewa dakika 25. Jumapili, saa 10:50, sisi tumefika, wao 11:15. Ijumaa, mvua, saa 12:40, hata simu sikupigiwa. Nililijaza kwa karibu mwaka mzima nikiwa nimesimama kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara ya Outer Ring, Nairobi, kati ya pampu ya dizeli na pale wanapojaza magurudumu upepo. Hapo ndipo mimi na mama wa binti yangu tulikuwa tumeandikiana kwamba tutapokezana mtoto.

Makubaliano yenyewe yalikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Mawakili waliyaandika, tukatia sahihi, yakapelekwa kortini yakapigwa muhuri, na tangu siku hiyo yakaacha kuwa maneno yetu. Mtoto atakaa kwa mama Jumapili jioni hadi Ijumaa jioni, na kwa baba Ijumaa saa kumi na moja jioni hadi Jumapili saa kumi na moja jioni. Mama yake anasuka nywele Donholm, na saluni hujaa wikendi. Mimi huwa kazini siku za juma. Kwa watu wazima wawili ilikuwa ratiba isiyo na doa. Naishi Zimmerman, na huku kwetu tumezoea mambo ya namna hiyo: maji ya mfereji huja kwa zamu, siku yako ikifika unajaza mitungi, siku isiyo yako unajikaza. Mtoto naye akaanza kuja kwa mgao.

Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Jina lake silitaji. Siku moja atayasoma haya, na ana haki ya kunikasirikia faraghani.

Wakili wangu ndiye aliyenishauri niandike saa. "Siku moja utazihitaji," alisema. Sikuwahi kuzihitaji. Lakini kuna raha fulani chafu katika kuandika kosa la mwenzako kwa kalamu nyekundu, na sitajifanya kwamba sikuionja.

Kazi yangu ni kuandika vitabu vidogo vya hadithi vya watoto wa gredi ya pili na ya tatu, vile vyembamba vyenye picha kila ukurasa. Mwaka jana mhariri wangu aliniomba hadithi ya mtoto mwenye nyumba mbili. "Wako tele madarasani," aliniambia, "na hakuna kitabu kinachowaona." Nikasema hiyo naiweza hata nikiwa nimelala. Nikaiandika kwa siku nne, nikaituma kwa majivuno. Ikarudi na swali moja tu pembeni mwa ukurasa wa kwanza: Huyu mtoto anafanya nini humu?

Nikaisoma upya. Mtoto wangu wa hadithi alikuwa amelia mara mbili na kukumbatia dubu wa manyoya mara moja, na kazi yake ilikwisha hapo. Kurasa nyingine zote baba na mama walikuwa wakirushiana maneno, halafu akatokea hakimu, nikamvika na wigi juu, ilhali hakimu wa mahakama ya watoto ya Milimani havai wigi na mimi nilishamwona kwa macho yangu. Nilikuwa nimeandika kesi yangu, nikamtia mtoto ndani yake kama kiti.

Ndipo nikaanza kusoma wenzangu walivyofanya.

Nilianza na kikongwe: riwaya ya Henry James ya mwaka 1897, What Maisie Knew, yaani mambo aliyoyajua Maisie. Sentensi zake ni ndefu kama foleni ya Jumatatu asubuhi, na mara mbili niliiweka chini. Lakini mwanzo wake ulinikaba. Wazazi wa Maisie wameachana jijini London. Baba ameshinda kesi ya kukaa na mtoto, ila anatakiwa arudishe pauni 2,600 ambazo mkewe alikuwa ametoa kwa ajili ya malezi, na hana hata ya kuanzia. Basi wanapatana: miezi sita kwa baba, miezi sita kwa mama. James anaikumbuka hapo hukumu ya Sulemani, na kwa kejeli anasema mtoto alikatwa vipande viwili kila mmoja akatupiwa chake. Sisi sote, wa kanisani na wa msikitini, tunaijua hadithi ya Sulemani, na tunajua kwamba upanga ule ulikuwa wa kumtega mwongo. Haukushuka. Katika riwaya hii umeshuka, na hakuna anayeshtuka, kwa sababu umeshuka sawasawa katikati.

Sasa tazama Maisie anavyotumiwa. Mama anamuuliza kama baba yake ametuma ujumbe wowote. Mtoto, mwaminifu kama aliyetumwa dukani na akashika hesabu yote ya chenji, anajibu kwamba baba amesema umwambie mama yako ni nguruwe mchafu. Ana miaka sita. Hajui kwamba amebeba jiwe, anadhani amebeba salamu. Kisha kidogo kidogo anaanza kuelewa, na anachokifanya baada ya kuelewa ndicho kilichonifanya nifunge kitabu nikatoke nje kwenye roshani. Anaamua kuwa mjinga. Akiulizwa, hakumbuki. Akitumwa, anasahau. Wazazi wake wanaanza kumwona mtoto mzito wa akili, na yeye anagundua kwamba ndani yake kuna chumba ambacho hakuna mkubwa mwenye ufunguo.

Nilitoka nje kwa sababu kwangu chumba hicho kilikuwa na jina. Kiliitwa "sijui".

"Kwa mama mlikula nini jana?" Sijui. "Nani alikuja kuwatembelea?" Sijui. "Ulilala saa ngapi?" Sijui. Mtoto huyohuyo alikuwa anazijua matatu zote za njia yetu kwa michoro yake, ile yenye simba, ile yenye mwanamuziki mwenye miwani, na akikosa kuiona moja siku mbili ananiuliza imepelekwa wapi. Kumbukumbu yake haikuwa na kasoro. Nilikuwa nikimuuliza kwa sauti tamu kabisa huku nikimchambulia chungwa, na yeye katika umri wa miaka minne alikwisha kutambua kwamba lile chungwa lina ndoano.

Kuna jambo lingine ndani ya Maisie ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Mwanzoni kila mzazi anamvuta mtoto upande wake. Baadaye upepo unageuka: kila mmoja anajaribu kumwacha kwa mwenzake kupita muda wake, ili amlemee. Ratiba ni ileile, wala haijabadilishwa neno. Iliyobadilika ni nia ya wakubwa, na kwa kuwa karatasi haijui nia, mtoto anaendelea kusafirishwa kama kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwa nimeamini kwamba ubaya wa ratiba ngumu ni kuwatenganisha watu wanaopendana. James anaona mbali zaidi. Kwake ratiba ngumu ni ngazi ambayo chuki na uchovu wa wakubwa huishuka bila kelele hadi chini alipo mtoto.

Mwaka 1973 Anna Freud, bintiye Sigmund Freud, yule daktari wa nafsi wa Vienna, pamoja na wanasheria na madaktari wenzake Joseph Goldstein na Albert Solnit, walitoa kitabu kuhusu maslahi ya mtoto kortini. Wazo lao moja limebaki nami: muda wa mtoto si muda wetu. Kadiri anavyokuwa mdogo ndivyo siku chache za kumkosa mtu zinavyomwia kama kufiwa. Sikubaliani nao katika yote. Walifika mahali pa kusema kwamba mzazi anayekaa na mtoto ndiye aamue kama yule mwingine atamwona, na hiyo mimi mtu wa kituo cha mafuta siwezi kuimeza. Lakini kuhusu muda walisema kweli, nami nililijua hilo sebuleni kwangu kabla ya kulisoma kwao.

Ilikuwa asubuhi, tunakula mandazi. Akaniuliza, "Baba, mama ana Jumamosi?"

Nikamwambia kila mtu ana Jumamosi.

Akanitazama kama unavyomtazama konda aliyekurudishia pungufu. "Hapana," akasema. "Mama ana Jumatatu. Ana Jumanne. Ana ya shule." Akagonga sakafu kwa kisigino. "Jumamosi iko hapa."

Ilinichukua muda kumwelewa. Kwangu juma ni mstari, siku moja inasukuma nyingine. Kwake siku zilikuwa vitu, kila kimoja na nyumba yake. Jumamosi ilikuwa inakaa Zimmerman pamoja na ngazi zetu za giza na paka wa ghorofa ya pili. Jumanne ilikuwa inakaa Donholm. Alikuwa anamhurumia mama yake kwa kukosa siku nzuri kama hiyo, na labda alikuwa anajiuliza mimi huwa wapi siku zikiisha. Ratiba tuliyoitunga ili asichanganyikiwe ilikuwa imemfundisha kwamba wakati wenyewe umegawanywa na wakili.

Tangu hapo nikawa nasoma hadithi za watoto wa aina hii nikitafuta kitu kimoja tu: je, mwandishi ameandika ratiba kwa tarehe au kwa vitu? Wengi huandika kwa tarehe. Mtoto wao wa miaka mitano anasema "nimebakiza siku tisa nimwone mama", na hapo hapo najua kwamba anayezungumza ni mtu mwenye kalenda ya benki ukutani.

Aliyeipata vizuri, kwa maoni yangu, ni Jacqueline Wilson wa Uingereza katika The Suitcase Kid cha mwaka 1992. Msichana wake, Andy, ana miaka kumi, na anakaa wiki moja kwa mama na wiki moja kwa baba, kila upande kuna mwenzi mpya na watoto wengine ambao tayari wana vitanda vyao. Yeye ana sanduku. Ana pia kisungura cha kuchezea kiitwacho Radish, kidogo cha kuingia mfukoni. Anapoulizwa angependa kukaa wapi, hasemi kwa mama wala kwa baba. Anataja ile nyumba yao ya zamani yenye mforosadi, na wote wawili wakiwa ndani. Swali la wakubwa lilikuwa na majibu mawili, yeye akatoa la tatu, na la tatu halimo kwenye fomu. Halafu kuna ujanja wa mwandishi ambao niliuona niliposoma mara ya pili: sura za kitabu zimepangwa kwa alfabeti, kuanzia A hadi Z, bila kuruka hata moja. Mtoto aliyefungwa ndani ya ratiba anasimulia kwa ratiba nyingine, ila hii ameishika yeye.

Radish wetu alikuwa leso, yaani kanga. Leso ya mama yake, ya zambarau, kuukuu, jina lake limefifia kiasi kwamba unasoma herufi tatu za mwisho tu. Alikuja nayo kila Ijumaa akiwa ameifumbata kama kitunguu, analala ameibandika puani. Wikendi moja niliiona imechafuka. Nikaifua. Nilitumia sabuni ya unga na yale maji ya kulainisha nguo yenye harufu ya maua, nikaianika kwenye roshani, nikaipiga na pasi. Niliifanya kwa upendo wote, naapa. Usiku nikampa. Akaifungua, akainusa upande huu, akainusa upande ule, akaikunja mara nne vizuri kama wanavyofundishwa shuleni, akaiweka mezani. Hakulia. Akalala ameangalia ukuta.

Nilipoandika rasimu ya kwanza, kisa hiki kilikuwa kimeshatokea, na hata sikukikumbuka. Nilikuwa nimemwandikia dubu wa manyoya. Katika jengo letu la ghorofa sita sijawahi kuona dubu wa manyoya hata mmoja.

Kuna vitabu ambavyo vilinikera. Erich Kästner wa Ujerumani aliandika mwaka 1949 Das doppelte Lottchen, kisa cha mapacha wa kike, Luise anayekaa Vienna na baba na Lotte anayekaa Munich na mama, na hakuna aliyeambiwa kwamba ana pacha. Wanakutana kambini wakati wa likizo, wanabadilishana nyumba, na mwishowe wazazi wanarudiana. Ni kitabu kitamu, na wenye sinema wamekichuma mara nyingi. Lakini watoto wa miaka tisa wamepewa kazi ya kushona ndoa iliyochanika, na wakafaulu! Nikifikiria mtoto anayekisoma akiwa kwenye matatu kati ya nyumba mbili, natamani kumnyang'anya. Atafika nyumbani aanze kupanga mikakati.

Sinema ya Kramer vs. Kramer ya mwaka 1979, iliyotokana na riwaya ya Avery Corman, niliitazama kwa hofu kwa sababu inahusu baba. Watu wanakumbuka kesi. Mimi nakumbuka mkate uliochovywa kwenye yai. Asubuhi ya kwanza bila mama, baba na mwanawe wanajaribu kuukaanga na jiko zima linageuka vita. Karibu na mwisho, mama akiwa ameshashinda kesi, wanaukaanga tena, na safari hii mikono yao minne inapishana bila neno kana kwamba ni ya mtu mmoja. Hakuna karatasi inayoweza kuandika hilo kwenye kipengele. Baba amepewa wikendi moja kwa kuruka moja, pamoja na nusu ya likizo, na ukiipeleka fomula hiyo kwa wakili yeyote wa Nairobi leo, atakuuliza umeipata wapi nakala ya faili yake.

Hata hivyo nisiisingizie sheria. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mtoto ana haki ya kulelewa na baba na mama kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imejengwa juu ya msingi huohuo. Amri ya malezi huweza kurudishwa kortini ikabadilishwa mtoto anapokua au mambo yanapogeuka. Yule hakimu niliyemvika wigi alituambia hivyo kwa mdomo wake, kwamba tukielewana sisi wenyewe ni bora zaidi. Tulimsikia. Tukatoka, kila mmoja na nakala yake kwenye bahasha ya kaki, tukaishika kama hati ya shamba.

Baadaye nikageukia rafu yangu ya Kiswahili, na hapo nikakwama. Watoto walioachwa na wazazi ni tele. Ngano zetu zina mama wa kambo kila kona. Kongowea Mswahili, katika Siku Njema ya Ken Walibora ya mwaka 1996, anafiwa na mama yake Tanga, ananyanyaswa, kisha anavuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba ambaye hakulelewa naye. Mamia ya maelfu wetu tulimsoma. Lakini mtoto wa kugawanywa kwa saa, mtoto wa zamu, sikumpata. Katika hadithi zetu mtoto hutafuta mzazi. Katika zao mtoto hupimwa kwa rula. Nilijiuliza sababu, na jibu langu la kwanza lilikuwa nyanya.

Maana kwa vizazi vingi korti yetu ya malezi ilikuwa jiko la nyanya. Ndoa ikiyumba, mtoto "anaenda kumsaidia nyanya yake". Hakuna saa kumi na moja, hakuna kituo cha mafuta. Mimi mwenyewe nilikaa Voi kwa nyanya yangu nikiwa na miaka mitano, karibu mwaka mzima. Nakumbuka mbuzi, nakumbuka vumbi jekundu la njia ya kwenda mtoni, nakumbuka treni za usiku. Nilikuwa na miaka ishirini na saba nilipoambiwa, mazishini, na shangazi aliyedhani najua, kwamba mwaka ule wazazi wangu walikuwa wameachana kabisa na baadaye wakarudiana. Mimi nilidhani ilikuwa likizo ndefu.

Nilitaka kuandika hapa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa hekima ya wazee, nikafuta mara mbili. Kwa sababu nakumbuka pia kwamba kila treni ilipopita nilikuwa nakaa kitandani nikisikiliza kama itasimama. Hakuna aliyenieleza. Nyanya alinipa muda usio na kuta, na muda usio na kuta nao una baridi yake. Hiyo ni hadithi nyingine kabisa, na labda ndiyo ningepaswa kuiandika. Ila mtoto wa sasa wa ghorofa ya nne hana hata hiyo. Nyanya yake wa upande wangu hayupo tena, wa upande wa mama anauza mboga sokoni Kakamega na huja Nairobi mara moja kwa mwaka akilalamikia ngazi. Hapa mjini kilichobaki cha kumpokea mtoto katikati ni soja wa kituo cha mafuta, ambaye, kusema ukweli, alikuwa akimpa peremende.

Mzee wa nyumba ya chini yetu ni mtu wa Lamu, fundi mstaafu. Jioni moja nilimsimulia sinema ya Asghar Farhadi wa Iran, A Separation ya mwaka 2011. Mwishoni hakimu anamuuliza Termeh, msichana wa miaka kumi na mmoja, atakwenda kwa baba au kwa mama. Anasema ameshaamua. Anaomba wazazi watoke kwanza. Wanatoka, wanasimama kwenye korido, na sinema inaisha bila sisi kusikia jibu. Nilimwambia Mzee kwamba naona hiyo ni heshima kubwa, mwandishi kukubali kutokujua.

Mzee akacheka kidogo. Akanieleza habari ya hadhana, yaani haki ya kukaa na mtoto wazazi wakiachana: kwa wafuasi wa Imamu Shafii, kama walivyo watu wa pwani yetu, mtoto mdogo hukaa na mama yake, na akifikia umri wa kupambanua, kama miaka saba hivi, huulizwa amchague nani. "Mimi niliulizwa, mwanangu," akasema. "Mbele ya wazee, nimevaa kanzu mpya. Nikasema baba. Watu wakasema, naam, mtoto wa kiume kampenda babake." Akanyamaza akageuza kikombe. "Baba alikuwa na dau. Mimi nilichagua dau. Baba alikuja nalo tu."

Nilipanda ngazi nikalifungua faili la ile hadithi, nikafuta hakimu, nikafuta ugomvi wote, nikafuta dubu. Zikabaki kurasa tatu. Kwenye hizo kuna mtoto aliyebeba leso, kuna harufu ya petroli, kuna simba aliyechorwa ubavuni mwa matatu.

Ijumaa iliyofuata walichelewa dakika thelathini na tano. Nililitoa daftari mfukoni kwa mazoea, halafu nikawaona wanavuka barabara, mtoto mgongoni kwa mama yake akiwa na viatu mkononi. Nikamwambia mama yake swali la Jumamosi. Siku hizi huniita baba wa fulani, jina langu la zamani alishaliacha, na hapo hakuniita kwa lolote. Alicheka, kisha akaacha kucheka katikati. Akasema, "Na kweli sina." Tuliongea kama dakika kumi huku pikipiki zinatupigia honi tutoke kwenye njia ya pampu. Hatukumpigia wakili. Tulikubaliana Jumamosi moja kila mwezi mtoto ashinde naye saluni, na mimi nipate Jumatano moja badala yake, nimchukue shuleni mwenyewe. Karatasi ile haijui. Nina hakika wakili wangu atasema nimefanya ujinga, na kama kesho tutakosana tena, labda atakuwa na haki.

Daftari bado lina kurasa kumi na moja tupu. Binti yangu amechora kuku kwenye mojawapo.

Baada ya Jumamosi yake ya kwanza Donholm nilimuuliza ilikuwaje. Sikuwa namchunguza, au niseme sikuwa namchunguza sana. Akafikiri. "Mama ana Jumamosi," akasema. "Lakini yake ina draya."

Nimeiweka kwenye hadithi kama ilivyo, ukurasa wa kumi na tisa. Mhariri ameirudisha rasimu jana, imepita yote isipokuwa sentensi hiyo. Ameizungushia duara, na pembeni ameandika: Jumamosi ya mtu? Fafanua. Sijamjibu bado.